Maji ya lambo, chupa za plastiki na ndimu: tathmini baada ya miezi minane

Bidhaa ninayoitathmini hapa haina kiwanda, haina bei iliyobandikwa, wala haina wakala wa kumlalamikia mambo yakienda kombo. Ni chupa za plastiki zilizokwisha kutumika, vipande viwili vya bati, jua la Handeni na, kwa siku ambazo mfuko unaruhusu, ndimu. Familia yangu ya watu sita imekunywa maji yaliyotibiwa kwa njia hii, yaani kuanikwa juani ndani ya chupa ili vijidudu vife, kuanzia mwezi wa saba hadi mwezi wa pili, na kwa kuwa majirani wameniuliza mara nyingi kama "yale maji ya juani" ni salama au ni ubahili tu wa mkaa, nimeona niyaandike yote niliyoyaona, pamoja na yale yaliyoniudhi.

Nianze na maji yenyewe, kwa sababu karibu kila kosa nililofanya lilianzia hapo. Kijijini kwetu tunakunywa maji ya lambo, na lambo hilo tunalichangia na ng'ombe, mbuzi na punda wa mitaa mitatu. Mvua ikinyesha maji hugeuka rangi ya udongo. Kiangazi kikikaza, tope hutuama, na kinachobaki ni maji yenye rangi ya chai ya rangi iliyopoa, rangi inayotokana na majani na nyasi zilizooza ndani yake. Zamani tulikuwa tunachemsha sufuria mbili kila jioni. Gunia la mkaa lililopaswa kutufikisha mwisho wa mwezi lilikuwa likiisha siku ya ishirini au kabla, na siku za mwisho, niseme ukweli, maji "yaliyochemshwa" yalikuwa yale yaliyopashwa moto kidogo tu.

Chupa nilizinunua kwa kijana anayeziokota ili kuwauzia wanunuzi wa plastiki. Nilichukua ishirini na nne, zote za lita moja na nusu, na kazi ya kuchagua ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Chupa inayofaa ni ile angavu isiyo na rangi, iliyotengenezwa kwa plastiki ya PET, nayo hutambulika kwa namba 1 ndani ya alama ya pembetatu kwenye kitako chake. Zenye namba 3 ni za PVC, na plastiki hiyo mara nyingi hutiwa kemikali za kuikinga isiharibiwe na jua, kwa hiyo huizuia ile miale hasa tunayoihitaji. Chupa za kijani za soda hazifai. Dumu la mafuta ya kula halifai, hata likioshwa likanukia sabuni, kwa sababu halipitishi mwanga wa kutosha. Zile chupa kubwa za lita tano na zaidi, ambazo mume wangu alizileta kwa furaha akidhani amenipunguzia kazi, nazo nilizikataa: kadiri maji yanavyokuwa na kina, ndivyo miale inavyoishia njiani, na kiwango kinachoshauriwa ni chupa isiyozidi lita mbili au, kwa wanaoruhusu zaidi, tatu.

Kubandua vibandiko ni adha ndogo ambayo hakuna anayekutahadharisha nayo. Karatasi hutoka upesi kwa maji, lakini gundi hubaki, na gundi ikibaki hushika vumbi mpaka ubavu mzima wa chupa unakuwa na ukungu. Mafuta ya kula kidogo na majivu laini vilinisaidia. Msitumie steelwire wala mchanga, kwani kila mkwaruzo unaoweka juu ya chupa unapunguza mwanga unaoingia.

Matumizi yenyewe, kwa maneno, ni mepesi. Unajaza chupa robo tatu kwa maji maangavu, unaifunga na kuitikisa kwa nguvu kama sekunde 20 ili hewa ichanganyike na maji, unaijaza mpaka mdomoni, kisha unailaza juu ya bati mahali ambapo kivuli hakitaifikia. Siku ya jua kali huachwa kwa saa sita mfululizo. Sisi tunahesabu kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, chupa hizo hizo hukaa siku mbili mfululizo. Mvua ikishinda inanyesha, njia hii haifanyi kazi kabisa, na mtu asijidanganye.

Kinachoua vijidudu ni miale ya urujuanimno ya aina A, yaani ile yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 320 hadi 400 hivi, ambayo macho yetu hayaioni lakini ndiyo inayopausha kanga ikiachwa kambani siku nyingi. Miale hiyo huharibu vinasaba vya bakteria moja kwa moja, na pia huifanya oksijeni iliyo ndani ya maji igeuke kuwa kali na kuushambulia mwili wa kijidudu. Ndiyo maana ya kule kutikisa chupa. Joto nalo huongeza nguvu. Maji yakipita nyuzi 45 za Selsiasi, mwanga na joto husaidiana, na yakifika nyuzi 50, saa moja inatosha. Chupa zangu sijaona zikifika huko kwa uhakika, kwa hiyo kwetu hesabu ni saa sita, hakuna njia ya mkato.

Wapo wanaodhani jambo hili ni ubunifu wa mitandaoni, na wifi yangu ni mmoja wao. Siku ya kwanza alisimama mbele ya kichanja akiwa ameshika kiuno: "Wifi, maji mabichi umeyaanika tu kama mihogo, halafu unampa mtoto?" Nilimweleza kwamba Profesa Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, Lebanoni, walikuwa wakiyajaribu haya tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wakianzia na maji ya kuchanganyia chumvi na sukari ya watoto wanaoharisha, na kwamba UNICEF ilichapisha kijitabu chao mwaka 1984. Taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, Eawag, iliichukua kazi hiyo kuanzia mwaka 1991 na kuieneza katika nchi nyingi kwa jina la SODIS.

Kilichomfanya anyamaze, hata hivyo, si Beirut wala Uswisi bali Kajiado, Kenya, hapo jirani tu ng'ambo ya mpaka. Watafiti waliwagawa watoto wa Kimaasai makundi mawili, wote wakapewa chupa za plastiki. Kundi moja likaweka chupa juu ya paa, jingine likaziweka ndani ya nyumba. Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 1996, yalihusu watoto 206 wa miaka 5 hadi 16, na yalionyesha kuhara kumepungua kwa waliotumia paa. Kipindupindu kilipoingia eneo hilo baadaye, watafiti walirudi kuhesabu: kati ya watoto 155 wenye umri chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya juani, waliougua walikuwa 3, kati ya 144 ambao chupa zao zilikaa ndani, waliougua walikuwa 20. Maji ya Kajiado hayakuwa masafi kuliko ya lambo letu.

Sasa nirudi kwenye ile rangi ya chai, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Nilikuwa nimesoma kwamba mabaki ya mimea yaliyoyeyuka majini yanasaidia jua kuua vijidudu, nikadhani basi maji yetu, kwa jinsi yalivyo na rangi, yana dawa ndani yake tayari. Jambo hilo lina ukweli. Mabaki hayo hunyonya mwanga wa jua na kuupitisha kwa oksijeni iliyomo majini, na oksijeni iliyochangamshwa hivyo huvishambulia virusi na bakteria ambavyo pengine mwanga peke yake ungechelewa kuviua. Ndiyo sehemu ya kazi inayofanyika kimyakimya katika mabwawa ya kutibu majitaka, ambako maji hukaa siku nyingi mbele ya jua. Lakini sisi hatuna siku nyingi, tuna saa sita na chupa moja, na katika hali hiyo mabaki yale yale huwa pazia: yanaula mwanga wa juu juu kabla haujafika chini. Kwa kipimo cha ukungu wa maji kinachoitwa NTU, maji yenye NTU 26 tu, ambayo kwa macho huyaoni kuwa machafu sana, hupunguza miale ya aina A kwa nusu ikifika kina cha sentimita 10. Kikomo kinachotumika ni NTU 30.

Nyumbani hakuna mashine ya kupima, lakini lipo gazeti. Unasimamisha chupa iliyojaa juu ya kichwa cha habari, unachungulia kupitia mdomo wa chupa, na kama herufi zinasomeka, maji yanafaa kuanikwa. Maji ya lambo letu mwezi wa kumi na moja, baada ya mvua za kwanza za vuli, hayakuonyesha hata kama chini kuna gazeti.

Kwa hiyo ikabidi niongeze hatua mbili. Ya kwanza ni kuchuja kwa kanga iliyochakaa, iliyokunjwa mara tatu hadi ikawa na tabaka nane, kwa sababu kanga mpya bado nyuzi zake zimeachana. Ya pili ni mlonge. Mbegu za mlonge zilizokomaa na kukauka mtini humenywa, hutwangwa, unga wake hukorogwa na maji kidogo na kuchujwa kwa kitambaa, kisha yale maji meupe kama maziwa humiminwa ndani ya ndoo. Unakoroga haraka kwa dakika moja au mbili, halafu polepole kwa dakika tano hadi kumi, na baada ya hapo huigusi ndoo kwa saa moja au zaidi. Wanawake wa Sudani kando ya Mto Naili wamekuwa wakifanya hivi kabla maabara haijaeleza sababu, ambayo ni protini iliyo ndani ya mbegu: inazikamata chembe za tope zinazoelea, zinagandamana, zinakuwa nzito na kuzama. Kwa maji yenye ukungu wa wastani hutumika mbegu moja kwa lita mbili, na kwa maji machafu sana mbegu mbili kwa kila lita. Ndoo yangu ya lita 20 ya mwezi wa kumi na moja ilikula mbegu arobaini. Mlonge uko uani kwa mama mkwe, kwa hiyo sikulipa kitu, ila kumenya mbegu arobaini kila jioni ni kazi ambayo watoto waliikimbia baada ya siku ya tatu.

Ukitazama ndoo hiyo baada ya saa moja, utaona jambo la kupendeza: mapande ya tope kama pamba chafu yamelala chini, na juu maji yametulia mpaka unaona kitako cha ndoo. Hapo kuna hatari ya kuridhika. Mlonge hushusha vijidudu vingi pamoja na tope, lakini hauvimalizi vyote, na zaidi ya hayo huacha majini protini yake, ambayo ni chakula kizuri kwa bakteria waliosalia. Maji ya mlonge yakilala siku mbili bila kupigwa jua huanza kunuka. Kwa maneno mengine, ukiyatayarisha jioni, asubuhi yake yawe juani, na ukishayatoa juani yanywewe siku hiyo au kesho yake.

Ndugu mmoja anayefanya kazi za maji alinipatia vichupa sita vya kupimia, vile vyenye karatasi iliyolowekwa dawa, ambavyo hugeuka vyeusi ndani ya siku moja au mbili iwapo maji yana bakteria wa kinyesi. Cha maji ya lambo yasiyotibiwa kilikuwa cheusi kama wino asubuhi iliyofuata. Cha maji ya mlonge bila jua kiligeuka cheusi pia, ingawa kilichelewa. Viwili vya maji ya mlonge yaliyokaa juani saa sita, siku mbili tofauti za jua kali, havikubadilika. Cha maji ya rangi ya chai, yaliyochujwa kwa kanga tu na kuanikwa siku yenye mawingu, kiligeuka. Cha sita kiliniaibisha, nami nitakieleza baadaye kidogo. Vichupa sita si utafiti, lakini vilinitosha kuacha kubishana na mlonge.

Ndimu ndiyo iliyonivutia tangu mwanzo, kwa sababu habari zake zilisambaa kwa namna ya kutia tamaa: kamulia ndimu, anika nusu saa, kunywa. Chanzo chake ni kazi ya kweli. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, Alexander Harding na Kellogg Schwab, walionyesha kwamba mililita 30 za maji ya ndimu ndani ya chupa ya lita mbili huwapunguza bakteria wa E. coli kwa kiwango kikubwa sana ndani ya dakika 30 za jua. Sababu yake ni kemikali za asili zilizo ndani ya ndimu, ziitwazo soraleni, ambazo zikipigwa na miale ya aina A hujishikiza kwenye vinasaba vya kijidudu na kumzuia asizaliane. Kile ambacho husahaulika mtu anapoisimulia habari hii ni kwamba kazi hiyo ilifanyika maabara, na kwamba virusi wa jamii ya noro, ambao husababisha kutapika na kuhara, hawakuathirika vivyo hivyo. Mimi natia ndimu, lakini saa sita zangu sizigusi.

Nguvu ya soraleni niliithibitisha kwa mkono wangu mwenyewe, na si kwa hiari. Jumamosi moja nilikamua ndimu za chupa kumi na mbili, nikapangusa mikono kwa upindo wa kanga bila kuinawa, nikatoka kwenda kupanga chupa na kuanua mahindi kwenye jua la saa sita. Siku hiyo sikuhisi kitu. Baada ya siku mbili, mgongo wa mkono wa kulia ulikuwa na malengelenge, na mahali juisi ilipotiririka kuelekea kwenye kiwiko pakawa na michirizi kama nimemwagikiwa mafuta ya moto. Malengelenge yalikauka, lakini alama nyeusi zilikaa zaidi ya mwezi. Kumbe ndimu na jua vinafanya juu ya ngozi ya mtu jambo lile lile vinalomfanyia kijidudu ndani ya chupa. Tangu siku hiyo ndimu hukamuliwa ndani ya nyumba, mikono huoshwa kwa sabuni, na watoto hawaruhusiwi kabisa kuzigusa zamu hiyo.

Kuhusu ladha: vijiko viwili vya mezani ndani ya lita mbili hutoa maji yenye uchachu wa mbali, ambao wageni huusifia na mwanangu wa mwisho huukataa. Kuhusu gharama: chupa zangu kumi na mbili zinahitaji ndimu kama ishirini kwa siku kama hazina maji mengi, na msimu wake ukipita, hapa kwetu ndimu tatu huuzwa kwa bei ambayo kwayo ungepata mkaa wa kuchemshia sufuria nzima. Limau halikunipa sababu ya kulihamia, maana kazi ile ilifanywa kwa ndimu. Hivyo ndimu imekuwa kwetu nyongeza ya msimu, na nisingemshauri mtu aihesabu kama nguzo ya njia hii.

Mahali pa kulaza chupa pana umuhimu kuliko ndimu. Juu ya paa chupa ziliteleza na mbili zikapasuka kifuniko, na kupanda ngazi kila asubuhi kulinichosha ndani ya wiki moja. Mume wangu alijenga kichanja cha miti chenye urefu wa kiuno, akapigilia mabati mawili juu yake. Chupa hulala ndani ya mifereji ya bati bila kuviringika, na bati hurudisha mwanga na joto kwa chini. Mwezi wa saba jua hupita upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili upande wa kusini, kwa hiyo ule mwembe uliokuwa haudhuru kitu ulianza kutia kivuli chupa nne ifikapo saa nane mchana, na nilichelewa kugundua.

Utaratibu ndio ulionitoa jasho hasa. Chupa kumi na mbili ziko juani, kumi na mbili ziko ndani zinanywewa. Lita 18 kwa siku kwa watu sita. Ukizichanganya, humjui aliyekunywa nini. Tulifunga kipande cha kitambaa chekundu kwenye shingo ya kila chupa ambayo bado haijamaliza saa zake, na kitambaa huondolewa na mtu mmoja tu, ambaye ni mimi, au binti yangu mkubwa nikiwa sipo. Siku ya mawingu vitambaa havitoki, na hapo ndipo unapoona uchache wa chupa ishirini na nne. Anayeanza, na mwenye familia kama yangu, anunue thelathini na sita.

Kile kichupa cha sita sasa. Maji yakitoka juani huwa vuguvugu, na hakuna anayefurahia maji vuguvugu saa tisa alasiri. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, alikuwa akiyamimina kwenye mtungi ili yapoe, na sote tukanywa kwa kata ile ile tuliyozoea. Nilipima maji ya mtungi kwa kujigamba tu, nikitarajia kumwonyesha kwamba ni masafi. Kiligeuka cheusi. "Mwanangu," aliniambia, "basi hilo jua lako limefanya kazi, sisi ndio tumeiharibu." Njia hii haiachi dawa yoyote ndani ya maji, tofauti na klorini, kwa hiyo mkono mmoja mchafu unatosha kurudisha ulichokiondoa. Siku hizi chupa zilizokwisha kuiva huviringishwa kwa kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini, na tunamimina kutoka kwenye chupa hadi kwenye glasi bila kupitia chombo kingine.

Yako mambo ambayo jua haliyawezi, na muuzaji mwaminifu angeyataja kabla ya kupokea fedha. Haliondoi chumvi ya visima vya pwani, wala floraidi inayowaharibu meno watu wa Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, wala dawa za kilimo. Haliwezi kwa uhakika kumaliza vijidudu vyenye ganda gumu kama kriptosporidiamu, ambao hutoka pia kwa ndama, na lambo letu nimekwisha kusema linanywewa na nani. Kriptosporidiamu huhitaji jua la saa nyingi zaidi ya sita. Kwa sababu hiyo, mtoto wa wifi yangu mwenye miezi kumi anachemshiwa maji yake peke yake kwenye sufuria ndogo, na hilo sikulijadili na mtu.

Njia hii pia hudai watu waitumie kila siku, na watu hawafanyi hivyo kirahisi. Jaribio kubwa la vijiji 22 vya Bolivia, lililochapishwa mwaka 2009, halikuona upungufu wa kuhara ulio wazi, na moja ya sababu zilizojadiliwa ni kwamba waliotumia kweli chupa zao walikuwa kama theluthi moja tu. Naielewa Bolivia. Katika miezi minane nyumba yangu imekosa siku ambazo sitaki kuzihesabu, nyingi zikiwa za msiba, harusi na wiki ya kupalilia, na siku hizo tulitumia klorini ya dukani. Ni rahisi, hufanya kazi hata mvua ikinyesha, na huendelea kulinda maji yakiwa ndooni. Isipokuwa katika maji yenye rangi ya chai huliwa na yale mabaki ya mimea kabla haijawafikia vijidudu, na watoto wangu husema inanuka bwawa la kuogelea, ambalo hawajapata kuliona.

Nikipewa alama kumi za kugawa, jua na chupa pamoja na mlonge nitavipa saba kwa miezi ya kiangazi na nne kwa vuli. Ndimu peke yake naipa tano, na mbili kati ya hizo ni za ladha. Mkaa wetu umetoka gunia zima na ushee kwa mwezi hadi chini ya nusu gunia, nao sasa ni wa kupikia na wa sufuria ndogo ya mtoto. Chupa tisa zimekwaruzika hadi zimepoteza ung'avu, kama ilivyotarajiwa kwa chupa zinazoanikwa kila siku, na nimezitoa kwenye zamu. Kijana yule yule wa plastiki amezichukua kwa uzito na kuniletea nyingine. Masika sijaijaribu. Mvua kubwa zikianza mwezi wa tatu vitambaa vyekundu vitashinda shingoni kwa wiki nzima, kwa hiyo nimenunua mkaa kabla haujapanda bei, na kichanja nitakianikia mchele.